Darasa la kwanza la sanaa za maonyesho chuoni: Anachokikuta kijana wa Mombasa

KILA mwaka, majina ya wanaojiunga na vyuo yanapotangazwa, huwapo nyumba katika Mji wa Kale wa Mombasa ambazo furaha yake huingia doa. Mtoto amefaulu, ila somo alilolichagua si ualimu, si uuguzi wala si uhasibu. Amechagua sanaa za maonyesho. Mama hushika tama. Baba, aliyerejea punde kutoka barazani Kibokoni, huuliza swali moja tu: "Karo yote hii ni ya kwenda kujifunza kuchekesha watu?"

Swali hilo lastahili jibu, kwani fedha za mzazi ni za jasho na miaka ya kijana hairudi. Makala haya yanaeleza jinsi somo la utangulizi la sanaa za maonyesho linavyofunzwa katika vyuo vya Afrika Mashariki, anayotakiwa mwanafunzi kuyafanya, na kwa nini kijana wa Kisiwani huingia darasani akiwa na akiba asiyoijua.

Somo lenyewe

Somo la utangulizi huwa la muhula mmoja, kwa kawaida saa 3 hivi kwa wiki. Wapo wanaolisoma likiwa mlango wa stashahada au shahada ya sanaa hizo, na wapo wanaolichukua sambamba na fasihi, ualimu au mawasiliano. Mwanafunzi hahitajiki kuwa amewahi kupanda jukwaani.

Jambo la kwanza analofunzwa ni tofauti kati ya tamthilia na mchezo. Tamthilia ni maandishi. Mchezo ni maandishi hayo yakiwa yamepata mwili, sauti, mahali na watazamaji. Katika shule ya upili, mwanafunzi wa Kenya huijua tamthilia kama kitabu cha kutahiniwa. Huulizwa maudhui, sifa za wahusika na mbinu za lugha, naye hujibu kwa insha. Chuoni huambiwa aweke kalamu chini na asimame. Mhusika aliyemwita 'mwoga' katika insha, sasa ni lazima aonekane mwoga. Asimame wapi? Amtazame nani? Mikono aiweke wapi? Wengi waliopata alama nzuri katika karatasi ya fasihi hugundua hapo kwamba hawakuwa wamemwelewa mhusika huyo hata kidogo.

Mazoezi ya awali huwashangaza wageni kwa unyenyekevu wake. Mwanafunzi hufunzwa kuvuta pumzi kutoka tumboni ili sauti yake ifike safu ya nyuma pasipo kupiga kelele. Hufunzwa kutembea, kunyamaza na kumsikiliza mwenzake. Hufunzwa pia kubuni maneno papo hapo, iwapo mwenzake amesahau yake. Kisha hugawiwa kazi nyuma ya pazia: huyu ashughulikie taa, yule maleba, mwingine awe msimamizi wa jukwaa. Muhula hufungwa kwa kipande kifupi cha mchezo mbele ya hadhira.

Anayedhani somo hili ni la kupata alama za bure hujuta mapema. Katika masomo mengine mwanafunzi asipofika darasani hujidhuru mwenyewe. Katika mazoezi ya mchezo, mmoja akikosa kufika, kikundi kizima husimama. Ndiyo maana wahadhiri wengi hutoa alama kwa mahudhurio na kwa uaminifu wa mazoezi, si kwa kipaji pekee.

Nadharia nayo ina nafasi yake. Mwanafunzi hukutana na Wagiriki wa kale, hasa Sophocles na mawazo ya Aristotle kuhusu tanzia, kisha Shakespeare. Hukutana na Mrusi Konstantin Stanislavski (1863-1938), aliyemtaka mwigizaji ajiulize kila wakati mhusika wake anataka nini. Hukutana na Mjerumani Bertolt Brecht (1898-1956), aliyetaka hadhira isisahau kwamba inatazama mchezo, ili ibaki na akili ya kuhoji. Mwisho huja Mbrazili Augusto Boal (1931-2009), aliyemwalika mtazamaji apande jukwaani na kuubadilisha mwendo wa kisa.

Akiba ya nyumbani

Orodha hiyo ya majina ya kigeni humfanya kijana wa Mombasa adhani kwamba anaanza bila chochote. Sivyo.

Chukua ngoma ya beni. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975, alionyesha kuwa ngoma hiyo ilichipuka katika pwani ya Kenya mnamo miaka ya 1890. Vikundi viliandamana kwa sare, vyeo na ala zilizoiga gwaride la kijeshi, kila kikundi kikishindana na hasimu wake. Hayo yalikuwa maigizo kamili, yenye maleba, wahusika, mgogoro na hadhira iliyoshabikia upande.

Wanawake nao walikuwa na lelemama. Margaret Strobel, aliyechapisha mwaka 1979 utafiti wake kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, alieleza jinsi vyama vya ngoma hiyo vilivyokuwa na viongozi wenye vyeo, na vilivyoshindana kwa mavazi, nyimbo na karamu. Bibi wa kijana anayetiliwa shaka leo huenda aliwahi kutazama mashindano hayo, au hata kushiriki.

Ushairi pia umo. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, alitunga mashairi ya kujibizana na wapinzani wa mji wake wakati wa uhasama wa Mombasa na Lamu. Malumbano ya namna hiyo ni pande mbili zinazotaka mambo yasiyopatana, nalo ndilo chimbuko la mchezo wowote wa kuigiza.

Hata lafudhi ni mtaji. Kijana aliyekulia mahali ambapo njia ni 'ndia' na kuja ni 'kuya' hujua kuhama kutoka Kimvita cha nyumbani hadi Kiswahili sanifu cha shuleni, kulingana na anayezungumza naye. Wenziwe hujifunza ustadi huo wa kubadili usemi kwa jasho.

Hata hivyo, kuwa na akiba si kujua kuitumia. Kushangilia ngoma ni jambo moja. Kueleza kwa nini ilimshika mtazamaji, na kuujenga mshiko huo upya jukwaani, ni jambo jingine. Kazi ya darasa ni kumpa kijana majina na mbinu za jambo aliloliona tangu utotoni.

Vitabu viwili vya kuanzia

Kwa msomaji wa Kiswahili, tamthilia mbili hufaa sana kwa utangulizi.

Ya kwanza ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, iliyochapishwa mwaka 1969. Inahusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mwigizaji wa Kinjeketile hukabiliwa na swali gumu: je, mtu huyu anaamini kwamba maji yake yatazuia risasi? Akiamini tangu mwanzo hadi mwisho, mchezo huwa wa mjinga mmoja. Asipoamini kamwe, huwa wa tapeli. Mwanafunzi hana budi kutafuta njia ya katikati, na kuionyesha kwa macho na sauti. Hussein baadaye alisomea shahada ya uzamifu Berlin, mji wa Brecht, na utafiti wake ulihusu maendeleo ya tamthilia katika Afrika Mashariki.

Ya pili ni Kilio cha Haki (1981) ya Alamin Mazrui, mzaliwa wa Mombasa. Kiini chake ni mwanamke anayewaongoza wafanyakazi kudai haki zao chini ya utawala wa kikoloni. Mwaka 1982 mwandishi huyo alikamatwa na kuzuiliwa bila kufunguliwa mashtaka hadi mwaka 1983.

Uzito wa jukwaa

Kisa cha Mazrui hakikuwa cha pekee. Mwaka 1977, serikali iliondoa kibali cha mchezo wa Ngaahika Ndeenda, ulioigizwa na wanakijiji wa Kamirithu, Limuru. Mmoja wa waandishi wake, Ngugi wa Thiong'o, alizuiliwa mwishoni mwa mwaka huo. Mwezi Aprili 2025, wanafunzi wa Shule ya Wasichana ya Butere waliondoka katika tamasha la kitaifa la drama huko Nakuru bila kuuigiza mchezo wao, Echoes of War, ijapokuwa mahakama ilikuwa imewaruhusu. Polisi walirusha vitoa machozi nje ya ukumbi.

Visa hivi ni jibu la kwanza kwa baba aliyeuliza kuhusu kuchekesha watu. Hakuna serikali inayotuma polisi kuzuia upuuzi.

Maadili na mavazi

Wasiwasi wa mzazi wa Mji wa Kale, hasa kuhusu binti, mara nyingi si wa fedha bali wa heshima. Atavaa nini? Atashikwa na nani mbele ya umati? Wasiwasi huu haufai kubezwa.

Njia bora ni mwanafunzi kumweleza mhadhiri mipaka yake katika wiki ya kwanza, wala asingoje usiku wa kuamkia onyesho. Mapenzi, ugomvi na kilio vyaweza kuonyeshwa pasipo wahusika kugusana. Umbali kati ya watu wawili jukwaani husema mengi. Maleba yaweza kushonwa kwa stara. Isitoshe, uandishi, uelekezi, taa na usimamizi wa jukwaa ni kazi zinazotahiniwa sawa na uigizaji.

Pa kusomea na pa kutazamia

Kwa shahada, vijana wengi wa Pwani husafiri bara. Vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi vina historia ndefu ya kufunza sanaa hizi. Ng'ambo ya mpaka ipo taasisi ya sanaa ya Bagamoyo, Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1981, ambako Kiswahili ndicho lugha ya mazingira.

Kabla ya kusafiri, kijana anaweza kuanza Kisiwani. Ukumbi wa Little Theatre Club katika barabara ya Mnazi Mmoja, ulioasisiwa na Waingereza enzi za ukoloni, ni mahali pa kujua jukwaa lilivyopangwa. Maonyesho ya vitabu vya kutahiniwa hutoa nafasi ya kulinganisha ukurasa na mchezo. Aende na daftari, na aandike si kisa bali mambo aliyoyaona: nani aliingia kutoka wapi, na hadhira ilinyamaza lini.

Baada ya chuo

Ni kweli kwamba wanaoishi kwa uigizaji pekee ni wachache, na haifai kumficha kijana ukweli huo. Lakini ujuzi wa sauti, mwili na kazi ya pamoja huhitajika redioni, katika filamu, mahakamani, katika uhamasishaji wa afya na, zaidi ya yote, darasani. Mtaala mpya wa Kenya umeweka maigizo na filamu miongoni mwa masomo ya shule za upili za ngazi ya juu, ambazo zilipokea wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 Januari 2026. Masomo hayo yatahitaji walimu.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Mzazi ambaye bado ana shaka asiamue kwa maneno ya barazani. Na asubiri mwisho wa muhula, aende akakae safu ya nyuma ya ukumbi, asikilize kama sauti ya mwanawe inamfikia.