Chapa za Mihuri na Ushirika wa Miji ya Kale ya Iraki

Mwaka 1926 Stephen Langdon alichimbua kilima cha Jemdet Nasr, katika Iraki ya kati, akapata vibao vya udongo vyenye hesabu za yapata mwaka 3000 K.K. Vibao 13 vina chapa ya muhuri mmoja, nao haukuchorwa wanyama wala watu waabuduo, kama ilivyokuwa desturi, bali majina ya miji: Ur, Larsa, Nippur, Uruk na mingineyo.

Majina hayo yastahili kutazamwa. Larsa huandikwa kwa alama ya jua iliyoungwa na alama ya hekalu. Nippur kwa alama za mungu wake, Enlil. Hapana kitenzi wala kiungo; ni majina matupu, tena kwa mpango unaokaribia ule wa orodha ya miji waliyoinakili wanafunzi wa uandishi. Mtu mwenye hadhari aweza kudai kwamba mchongaji aliiga orodha tu. Lakini muhuri huu ulibingirishwa juu ya hesabu za mali, na hiyo si kazi ya mwanafunzi.

Ushahidi wenye nguvu zaidi watoka Ur, alikochimba Leonard Woolley tangu 1922 hata 1934. Chapa za huko, za karne kadhaa baadaye, zilitolewa kitabuni na Legrain mwaka 1936. Roger Matthews, katika kitabu chake cha 1993, aligeuza madonge hayo na kutazama migongo yake, ambako kigingi cha mlango na kamba vimeacha alama. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mtungi uliotiwa muhuri huweza kusafirishwa kutoka mbali, mlango hausafiri. Basi mwenye muhuri wa miji mingi alikuwapo pale pale Ur, akifunga ghala kwa jina la wote.

Ushirika huo ulikuwa wa namna gani? Thorkild Jacobsen, mwaka 1957, aliwaza juu ya shirikisho la siasa lenye baraza huko Nippur. Ila hoja yake yategemea mno habari za zama za baadaye, na katika muhuri wa Jemdet Nasr mji utanguliao ni Ur. Piotr Steinkeller, mwaka 2002, aliona humo sadaka zilizopelekewa Inanna, mungu wa kike wa Uruk. Rai hii yaafikiana zaidi na vibao vyenyewe, kwa kuwa vitu vilivyohesabiwa ni vichache: havitoshi kulisha jeshi, vyatosha madhabahuni.