Dawa ya Moto

Kuna msemo tunaoupenda sana tukiwa na hasira: dawa ya moto ni moto. Mtu akikutusi, nawe mtusi. Jirani akifungulia muziki saa nane usiku, nawe fungulia wako juu zaidi. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu aliyeufuata neno kwa neno, tena kwa kiberiti cha kweli, hadi niliposoma habari za jamaa mmoja wa Montana, Marekani, aitwaye Wagner Dodge.

Dodge alikuwa nyapara. Najua neno hilo lina ladha mbaya kwetu, linanuka shamba la mzungu na jela, lakini ndiyo kazi yake: kusimamia kikosi cha wazimamoto wa msituni. Usifikirie gari jekundu na king'ora. Hawa wa Idara ya Misitu ya Marekani waliruka kutoka kwa ndege na parachuti, wakatua karibu na moto ungali mdogo, wakauzunguka kwa shoka, misumeno na sepetu. Maji mara nyingi hakuna. Unachofanya ni kukwangua nyasi, vichaka na mizizi mpaka ubaki udongo mtupu, ili moto ukifika hapo ukose chakula. Kazi hiyo ya kuruka ilianza 1940, na kufikia 1949 hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameuawa na moto. Ukiwa kijana na rekodi kama hiyo, unaanza kuamini moto unakuogopa.

Siku yenyewe ni Ijumaa, 5 Agosti 1949. Radi ilikuwa imewasha moto katika korongo liitwalo Mann Gulch, kando ya mto Missouri, ndani ya msitu wa taifa wa Helena. Mjini Helena joto lilifika nyuzi 36. Ndege ikatoka Missoula na watu 16. Mmoja alitapika njiani, akakataa kuruka, akarudi na ndege. Wale 15 wakaruka. Parachuti iliyobeba redio haikufunguka, redio ikapasuka vipande vipande. Kwa hivyo tayari hawana mawasiliano na mtu yeyote, lakini ni nani alijali? Wengi walikuwa wanafunzi wa chuo, na baadhi walikuwa wametoka vitani miaka michache tu nyuma. Mmoja alikuwa anatimiza miaka 19 siku hiyo hiyo. Robert Sallee alikuwa na miaka 17. Huu ulionekana moto wa kawaida, wa kumalizwa kufikia asubuhi.

Huko chini walimkuta James Harrison, mlinzi wa moto wa eneo hilo, aliyekuwa akihangaika nao peke yake. Mwaka uliotangulia naye alikuwa anaruka. Akaacha, atafute kazi isiyo na hatari.

Dodge alipoukaribia moto hakuupenda. Akaamua vijana washuke kuelekea mtoni, ili wakiushambulia wawe na maji mgongoni. Yeye na Harrison wakarudi kwanza kula kidogo, naibu wake William Hellman akaendelea na kikosi. Alipowafikia na kushika tena uongozi, akaona jambo ambalo wengine bado hawakuwa wameliona: moto ulikuwa umevuka korongo huko chini. Sasa ulikuwa kati yao na mto, na ulikuwa unapanda.

Hapa lazima uelewe tabia ya moto. Sisi tukipanda mlima tunapunguza mwendo. Moto ukipanda mlima unaongeza, kwa sababu miali inainamia nyasi za mbele na kuzikausha kabla ya kuzigusa. Na upande ule wa Mann Gulch ulikuwa nyasi kavu tupu, miti michache tu.

Dodge akageuza kikosi, wakaanza kupanda. Hakueleza mengi, inasemekana hakuwa mtu wa maneno. Baadaye akaamuru watupe vifaa vizito. Wengine walitupa, wengine waliendelea kung'ang'ania shoka na sepetu zao. Halafu, moto ukiwa karibu kuwashika, nyapara akasimama, akawasha njiti, akachoma nyasi zilizokuwa mbele yake.

Jiweke hapo. Nyuma yako kuna ukuta wa moto, unasikia ukinguruma. Mbele yako bosi wako anawasha mwingine. Kisha anakupungia mkono, anakuita uingie humo. Sisi wa Nairobi tunaujua moto wa Gikomba: ukisikia kelele unakimbia kwanza, maswali baadaye. Mimi ningemwona amerukwa na akili.

Kumbe alikuwa na akili kuliko wote. Nyasi zake ziliungua haraka, zikaacha kiwanja cha majivu, na moto mkubwa ukifika kwenye majivu hauna cha kula. Watu wa asili wa nyika za Marekani walijua mbinu hiyo zamani. Dodge alisema hakuwahi kufundishwa, ilimjia tu. Alilala kifudifudi, kitambaa chenye maji mdomoni, moto ukampita pande zote. Aliwaambia wachunguzi kwamba upepo wake ulimwinua kutoka ardhini. Akasimama mzima.

Vijana walimpita wakikimbia. Sallee na Walter Rumsey walipenya kwenye ufa katika ukuta wa miamba huko juu, wakapona. Watu 13 walikufa, Harrison akiwa mmoja wao. Hellman na mwenzake mmoja walipatikana hai wakiwa wameungua vibaya, wakafa hospitalini kesho yake. Saa ya mkononi ya mmoja wa marehemu iligoma saa kumi na mbili kasoro dakika chache jioni. Walikuwa wametua mnamo saa kumi.

Bodi ya uchunguzi ilisema Dodge hakukosea, na kwamba wangemfuata wangepona. Baba wa mmoja wa vijana, mzee aliyewahi kufanya kazi ya misitu mwenyewe, alikataa kabisa. Kwake, moto wa nyapara ndio uliowafungia watoto njia. Mabishano hayo yalidumu miaka. Norman Maclean alizeeka akiyafuatilia, na kitabu chake Young Men and Fire kilitoka 1992, yeye akiwa ameshafariki. Mwaka uliofuata mtaalamu wa moto Richard Rothermel alichapisha hesabu zake za mbio zile: hawangeweza kuushinda moto kwa miguu.

Sawa. Lakini hesabu hazijibu swali linalonisumbua: kwa nini hakuna hata mmoja aliyemsikiliza?

Karl Weick, profesa wa Michigan, aliandika mwaka huo huo wa 1993 kwamba kikosi kile kilikuwa kimevunjika kabla ya moto kukifikia. Dodge na vijana wake hawakujuana vizuri. Walikusanywa kwa zamu, na wakati wa mafunzo ya msimu yeye alikuwa amepangiwa kutunza kambi. Na unapomwambia mzimamoto atupe shoka, anabaki nani? Anabaki kijana tu anayekimbia.

Namlinganisha na Ed Pulaski, msimamizi mwingine wa misitu, huko Idaho. Tarehe 20 Agosti 1910, moto mkubwa ulipomzingira na watu wapatao 45, aliwaingiza kwenye handaki la mgodi wa zamani, akasimama mlangoni na bastola, akasema atakayetoka atampiga risasi. Watano walifia mle ndani. Wengine wote walitoka hai. Watu husimulia ile bastola, lakini mimi naona handaki: Pulaski alikuwa amechimba madini milima ile miaka mingi, alijua shimo liko wapi gizani, na watu wake walijua kwamba anajua. Dodge hakuwa na shimo la kuonyesha. Alikuwa na majivu ya dakika moja iliyopita.

Mwaka 1957 Idara ya Misitu iliandika amri 10 za wazimamoto, na amri za msimamizi kuwa wazi na kueleweka zimo humo. Mwaka 1994, Colorado, wengine 14 walikufa wakikimbia mlima, baadhi wakiwa bado wamebeba vifaa.

Dodge hakuruka tena. Alifariki 1955 kwa saratani. Pale korongoni ziliwekwa alama 13, kila moja mahali kijana alipoangukia. Zimetawanyika mlimani, na zote ziko mbele ya mahali alipowasha kiberiti.