Ndege ya Chuma na Ndege wa Mwituni

Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili. Kiumbe mwenye manyoya, ambaye Maandiko yasema aliumbwa siku ya tano, twamwita ndege. Na chombo cha chuma kinachopita juu ya vichwa vyetu hapa Kasongo, nacho twakiita ndege. Leo twataka kusimulia maisha ya mtu aliyeitukuza ndege ya chuma kuliko karibu watu wote wa zamani zake, na ambaye katika utu uzima wake alisema afadhali ndege wa mwituni. Jina lake ni Charles Lindbergh, Mmarekani. Na mahali alipogeuzwa moyo si mbali sana nasi: ni nchi ya Kenya.

Lindbergh alizaliwa Detroit tarehe 4 Februari 1902, akalelewa shambani katika jimbo la Minnesota. Alianza masomo ya ufundi wa mashine katika chuo kikuu, akayaacha kwa sababu moyo wake ulikuwa angani. Mwaka wa 1924 aliingia shule ya marubani wa jeshi la Marekani. Vijana 104 walianza pamoja naye. Waliofika mwisho, mwezi wa Machi 1925, walikuwa chini ya ishirini, naye alikuwa wa kwanza kati yao. Kisha akafanya kazi ya kupeleka barua za posta kwa ndege, usiku na katika ukungu, na zaidi ya mara moja ikambidi kujitupa kwa mwavuli ili aokoe maisha yake.

Asubuhi ya tarehe 20 Mei 1927 aliondoka karibu na mji wa New York, peke yake, katika ndege ya injini moja isiyokuwa na redio. Alivuka bahari ya Atlantiki pasipo kulala. Baada ya saa 33 na nusu, na safari ya kilometa 5,800 hivi, alitua Paris usiku wa tarehe 21. Watu zaidi ya 100,000 walikuwa wakimngoja. Hakuna mtu kabla yake aliyevuka kutoka New York mpaka Paris kwa safari moja bila kutua. Alikuwa na umri wa miaka 25, na tangu usiku ule hakuwa tena na mahali pa kujificha duniani.

Utukufu wa namna hiyo una bei yake. Usiku wa tarehe 1 Machi 1932 mtoto wake wa kwanza, aliyekuwa hajatimiza miaka miwili, aliibwa kitandani mwake. Wazazi walitoa fedha walizodaiwa, lakini tarehe 12 Mei mtoto alikutwa amekufa. Baba na mama walishindwa kuvumilia macho ya watu, wakahamia Ulaya mwishoni mwa mwaka wa 1935.

Huko Ulaya yalitokea mambo ambayo hatuwezi kuyafunika. Lindbergh alizuru Ujerumani ya Hitler, akastaajabia viwanda vyake vya ndege, na mwezi wa Oktoba 1938 akapokea nishani kutoka mkononi mwa Göring. Aliporudi kwao akawa msemaji mkuu wa wale waliotaka Marekani isiingie vitani. Kutaka amani si kosa. Lakini tarehe 11 Septemba 1941, mbele ya watu wengi, aliwataja Wayahudi kuwa miongoni mwa wanaoisukuma nchi vitani. Na hayo aliyasema wakati Wayahudi wa Ulaya walikuwa wakiuawa. Neno lile lilimtia doa mpaka kufa kwake, nasi twaona lilistahili kumtia doa.

Vita vilipoifikia Marekani, serikali ilikataa kumrudishia cheo chake cha jeshi alichokuwa amekiacha mwaka ule ule. Hata hivyo mwaka wa 1944 alikwenda kwenye visiwa vya Pasifiki kama fundi wa kiraia, akaruka pamoja na askari katika safari za vita 50 hivi, na kuiangusha ndege moja ya Wajapani. Vita vilipokwisha Ulaya, mwaka wa 1945, alitumwa Ujerumani kuchunguza silaha mpya. Huko aliiona kambi ambamo wafungwa walitumikishwa kutengeneza roketi mpaka wakafa, na tanuru zilimochomwa maiti zao. Mashine aliyoipenda tangu ujana, aliiona sasa imekuwa kinywa cha kula watu. Mwaka wa 1948 alitoa kitabu kidogo, akakiri humo kwamba sayansi ilikuwa imekuwa kama mungu wake, na kwamba sayansi isiyotawaliwa na roho huwaangamiza walioitengeneza.

Basi, jeraha lilikuwapo moyoni. Lakini dawa ilikuwa bado. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alifika Kenya, akakaa kati ya Wamaasai. Hapo palikuwa na watu wanaochunga ng'ombe wao karibu na punda milia na swala, wala hawakuona haja ya kuwamaliza ili wao waishi. Lindbergh mwenyewe alieleza jinsi alivyolala chini ya mgunga, akasikiliza sauti za alfajiri, akaanza kupima upya mambo yote aliyoyatumikia. Mwezi wa Julai 1964 makala yake ilitoka katika gazeti lisomwalo na mamilioni ya watu. Humo aliuliza kama ustaarabu ndio maendeleo, akaeleza kwamba kama ingempasa kuchagua, angechagua ndege wa mwituni kuliko ndege za chuma. Wasomaji wa Kizungu walishangaa. Sisi wa Kiswahili twaelewa upesi, kwa kuwa neno letu lenyewe laweka vitu hivyo viwili katika mizani moja.

Wakati ule kazi ya kulinda wanyama ilikuwa imeanza kupata nguvu. Mwaka wa 1961 chama kiitwacho WWF kilianzishwa huko Uswisi, na mwaka huo huo, katika mkutano wa Arusha, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuwalinda wanyama wa Tanganyika ni dhamana ya Waafrika wenyewe. Lindbergh aliingia katika baraza la wakubwa wa WWF. Jina lake, ambalo zamani lilimletea msiba, sasa alilifanya ufunguo. Mlango uliofungwa kwa wataalamu ulifunguka kwa yule aliyevuka Atlantiki. Aliwatetea nyangumi wakubwa waliokuwa wakiuawa ovyo baharini. Katika visiwa vya Filipino alizungumza na Rais Marcos kwa ajili ya nyati mdogo wa kisiwa cha Mindoro na tai mkubwa wa misitu ile. Mwaka wa 1968 alisimama mbele ya wabunge wa Alaska, yeye aliyekuwa ameacha kuhutubia watu kwa miaka mingi, akawasihi wawalinde wanyama wao. Tena, ingawa alikuwa mmoja wa wakurugenzi wa kampuni kubwa ya ndege, aliipinga ile ndege mpya ya abiria ya kupita mwendo wa sauti, akiona hasara yake kwa dunia ni kubwa kuliko faida.

Alifariki tarehe 26 Agosti 1974 katika kisiwa cha Maui, akazikwa kando ya kanisa dogo. Juu ya jiwe la kaburi lake pameandikwa maneno ya Zaburi ya 139. Wasomaji wataikumbuka: ndiyo zaburi ya mtu asiyeweza kujificha mbele za Mungu, hata akienda upande gani wa dunia. Miaka 29 baadaye, mwaka wa 2003, ilijulikana kwamba mtu huyu, mume wa mke na baba wa nyumba, alikuwa na watoto saba wa siri huko Ulaya kwa wanawake watatu. Yaliyofichika yalitoka nje.

Kwa nini tumeyasimulia yote, mazuri pamoja na mabaya? Kwa sababu historia si kesha la kumsifu marehemu. Kazi njema aliyoifanya yabaki njema. Nyangumi hamwulizi mwokozi wake aliishije. Lakini kazi njema haifuti machozi ya waliodanganywa, wala neno baya lililosemwa juu ya watu wanaokufa. Twajifunza mambo mawili pamoja: kwamba mtu aweza kugeuka hata akiwa na miaka sitini, na kwamba kugeuka upande mmoja si kugeuka pande zote.

Sasa tutazame kwetu. Mwaka wa 1870 Livingstone alilala Kabambare miezi mingi akiugua miguu. Aliandika habari za mnyama ambaye wazee wetu walimwita soko, na jinsi moto wa nyika ulivyowatoa wanne mafichoni wakachomwa mikuki. Lakini mkuki haukuumaliza msitu. Bunduki ya biashara ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Misafara ya pembe za ndovu ilipita Kasongo na Kabambare kwenda Zanzibar, na kila pembe ilikuwa na bega la mtu chini yake, mara nyingi bega la mtumwa. Kasongo ilipotekwa na majeshi ya Mfalme Leopold mwezi wa Aprili 1893, bendera ilibadilika, pembe ziliendelea kutoka. Wazee walioona ndovu mpaka ukingo wa mashamba yao walizaa wajukuu wanaomjua ndovu kwa hadithi.

Kisha zikaja vita za 1996 na 1998. Sisi tulio na miaka thelathini na zaidi tulibebwa msituni migongoni mwa mama zetu. Msitu ulituficha, ukatulisha viazi vikuu, uyoga na samaki wa vijito. Vita vilipopungua, watu walirudi vijijini, na bunduki nyingi zikabaki porini. Mwaka wa 2016 wataalamu walimwandika gorila wa mashariki mwa Kongo, ambaye huishi hata kaskazini mwa mkoa wetu wa Maniema, katika orodha ya viumbe walio karibu kabisa kutoweka.

Hatusemi kwamba mama anayepika panya wa pori kwa watoto wake ni mwizi. Lindbergh aliweza kulala chini ya mgunga, kisha akapanda ndege kurudi nyumbani. Sisi nyumbani ni hapa, na njaa tunaijua. Tunasema kwamba tofauti ipo kati ya chungu cha nyumba moja na baiskeli iliyosheheni nyama ya kukaushwa kupelekwa sokoni, na tofauti kubwa zaidi kati ya mtego wa mzee na bunduki ya vita. Mababu waliijua tofauti hiyo. Walikuwa na mnyama ambaye ukoo fulani haumli, na pori ambalo halikuingiwa ovyo. Hayo hatukufundishwa na Mzungu.

Basi, jioni hii, mwulizeni mzee wa nyumba yenu ukoo wenu ulikuwa haumli mnyama gani, na kwa nini. Waiteni watoto wasikie. Lindbergh ilimbidi kusafiri mbali sana, na kwa miaka mingi, mpaka akasikia sauti ya alfajiri. Sisi hutuamsha kila siku. Ikinyamaza, neno letu ndege litabaki na maana moja tu, ile ya chuma.