Mwethya, Mkonge na Kiondo: Umri wa Vikundi vya Kalama

Kikundi cha akina mama kinapoadhimisha miaka yake huko Kalama, kwenye milima ya kusini mwa mji wa Machakos, hesabu huanzia siku ya cheti. Keki hukatwa, mgeni rasmi huhutubu, na mwaka uliopigwa muhuri na ofisi ya maendeleo ya jamii ndio unaoandikwa kwenye bango. Naona hesabu hiyo inawapunja. Cheti kilikuta watu tayari wamekaa pamoja wakisuka.

Kampuni ya Imperial British East Africa ilipojenga ngome Machakos mwaka 1889, mwethya ulikuwa desturi ya zamani kwa Wakamba. Mwenye shamba aliita majirani, akapika, wakalima huku wakiimba. Siku nyingine jembe likahamia kwa jirani. Kiondo nacho kilikuwa kazi ya wanawake. Nyuzi zilitoka kwenye magome ya mbuyu wa nyanda za joto na vichaka vingine, zikasokotwa juu ya paja. Msusi alianzia kitakoni na kupanda akizunguka, na kwa kuwa kazi yenyewe haikuhitaji meza wala kitanda cha mfumi, aliweza kuifanya akiwa njiani kwenda mtoni. Ndani ya kiondo zilirudi nyumbani kunde, mbaazi na mtama, ukanda ukiwa umepitishwa kwenye paji la uso.

Mkonge ni mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mmea huo kutoka Florida. Iliyofika Tanganyika ikiwa hai ni 62 tu. Kutoka kwenye masalio hayo yakaota mashamba makubwa ya Afrika Mashariki. Ukambani, mkonge ulipata kazi nyingine: ukawa ua wa boma, mpaka wa shamba na kizuizi cha udongo. Jani likakwaruzwa, nyuzi zikaanikwa, na msusi akapata malighafi hatua chache tu kutoka mlangoni.

Udongo ndio uliokuwa umekwenda. Ardhi nzuri ya jirani ilitengwa kwa walowezi, Wakamba wakabanwa kwenye miteremko pamoja na ng'ombe wao. Mwaka 1937 afisa wa kilimo Colin Maher aliandika ripoti ya kutisha kuhusu mmomonyoko Machakos. Dawa ya serikali ilikuwa kupunguza mifugo kwa nguvu, huku kiwanda cha nyama cha Liebig pale Athi River kikihitaji ng'ombe. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya Wakamba, wanaume kwa wanawake, hadi Nairobi, wakapiga kambi kwa majuma kadhaa. Yeye alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini serikali iliacha kuwanyang'anya watu ng'ombe kwa lazima.

Baada ya vita vya pili vya dunia likaja agizo la matuta. Mwanzoni watu walichimba kwa amri ya chifu, na kazi ya amri ilifanywa kama inavyofanywa kazi ya amri. Katika miaka ya 1950 maafisa waliona afadhali waupitie mwethya wenyewe, wenye viongozi waliochaguliwa na wanakikundi. Waume wengi walikuwa mjini, relini au jeshini, kwa hiyo majembe yakabaki mikononi mwa wanawake. Tuta la "fanya juu", ambalo udongo wa mtaro hutupwa upande wa mlimani, lilisambaa milimani, na si mara chache kingo zake zilipandwa nyasi na mkonge. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha mwaka 1994 utafiti wao juu ya Machakos: tangu miaka ya 1930 idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ulikuwa umepungua. Wataalamu wa dunia walishangaa. Waliochimba walikuwa na sababu ndogo ya kushangaa.

Uhuru ulileta neno harambee kwa jambo ambalo Kalama ililijua. Mwaka 1978, huko Utooni karibu na Kola, Joshua Mukusya na majirani zake walianzisha kikundi kilichokuja kujulikana kwa mabwawa ya mchanga: ukuta hujengwa katikati ya mto wa msimu, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hukaa ndani ya mchanga bila kukauka haraka juani. Mawe ya kuta hizo yalibebwa kwa mikono, na mingi ilikuwa ya wanawake.

Kiondo kilipanda ndege katika miaka hiyohiyo. Mkutano wa wanawake wa Umoja wa Mataifa ulipofanyika Nairobi mwaka 1985, wageni walikuwa tayari wanakitafuta. Vikundi vikapata oda, na fedha za oda zikaingia kwenye mzunguko wa chama: karo, mabati, mbuzi. Upande wa pili wa bahari, wanawake weusi wa Alabama walikuwa wameanzisha mwaka 1966 ushirika wa Freedom Quilting Bee, wakiuza New York mablanketi ya viraka waliyokuwa wakishona kujifunika. Shida yao ingeeleweka Kola bila mkalimani: maduka yalitaka kila kimoja kifanane na kingine.

Kisha vikaja vikapu vya kuiga kutoka viwanda vya Asia, na bei ikaanguka. Wasusi wengi wakageukia nyuzi za dukani, ambazo ni laini na zina rangi za kila aina, ingawa mimi sijaona bado uzi wa dukani unaozeeka vizuri kama mkonge. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 iliwarudishia kiondo Wakenya wenyewe, wakiwemo vijana waliokijua kama kitu cha nyanya. Lakini ukanda wa ngozi, bitana na zipu kwa kawaida huongezwa Nairobi, na hapo ndipo bei huruka. Dalali hununua kiondo kitupu sokoni, kwa fedha taslimu, siku ambayo mama anadaiwa karo. Vikundi vilivyonunua cherehani ya ngozi na kuanza kumalizia kazi vyenyewe ndivyo vinavyoweza kumwambia dalali arudi wiki ijayo.