Udhibiti wa upumuaji

Udhibiti wa upumuaji ni utaratibu ambao ubongo huutumia kurekebisha kasi na kina cha pumzi kulingana na mahitaji ya mwili. Kitovu chake kimo katika shina la ubongo, hasa medula oblongata, inayotuma amri kupitia neva hadi kwenye kiwambo na misuli ya mbavu, hata mtu akiwa usingizini. Mtu mzima aliyetulia hupumua takribani mara 12 hadi 20 kwa dakika.

Vipokezi vya medula huhisi asidi inayoongezeka kabonidayoksaidi inapozidi. Vile vya ateri za shingoni na aota huhisi pia upungufu wa oksijeni. Corneille Heymans wa Ubelgiji alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938 kwa kufafanua kazi hiyo ya vipokezi vya ateri.

Katika maeneo yenye malaria, kama Handeni na Korogwe mkoani Tanga, mtoto mwenye malaria kali huweza kuhema kwa nguvu na kwa kina kwa sababu asidi imezidi katika damu yake na vipokezi vyake huihisi. Hiyo ni dalili ya hatari. Mtoto apelekwe hospitali mara moja.