Zamani Marekani Familia Zilikuwa Zinaenda Likizo Kiwandani, Tena Bure

Ukisikia familia ya Kimarekani imeenda likizo, haraka haraka unawaza ufukwe, Disneyland au hoteli yenye bwawa la kuogelea. Lakini kwa miaka mingi tu kulikuwa na familia zinapakia watoto kwenye gari na chakula cha njiani, zinasafiri mwendo mrefu kwenda kuangalia watu wengine wakiwa kazini. Yaani baba aliyechoshwa na kiwanda chake mwaka mzima, likizo anaenda kushangaa kiwanda cha mwenzake!

Mambo haya hayakuanza kama starehe. Yalianza kwa sababu watu walikuwa wanaogopa chakula cha kopo na cha chupa. Mama wa miaka ya 1890 alizoea kutengeneza achari zake mwenyewe jikoni, sasa leo anauziwa chupa iliyojazwa na mtu asiyemjua. Atajuaje kama mikono ilikuwa misafi? Kampuni ya Heinz ya Pittsburgh ikaamua kufungua milango: njoo uone mwenyewe. Wageni walipitishwa wakaona wasichana wamevaa sare safi na kofia, wanapanga matango kwenye chupa. Kiwanda kilikuwa hadi na mtu wa kuwatunza kucha wale wanaoshika chakula. Hapo bosi hakuwa anawapendezesha tu, kucha zile zilikuwa tangazo.

Halafu mwaka 1906 ikatoka riwaya iliyoeleza uchafu wa viwanda vya nyama vya Chicago, nchi nzima ikatapika. Mwaka huohuo Marekani ikapitisha sheria ya usafi wa chakula na dawa. Baada ya hapo, kiwanda cha chakula kinachoficha milango yake kilionekana kina jambo.

Sasa twende Hershey, Pennsylvania, maana huko ndiko mchezo ulinoga. Mwenye kampuni alianza kujenga kiwanda cha chokoleti mwaka 1903 katikati ya mashamba, karibu na maziwa ya ng'ombe, na mwaka 1905 uzalishaji ukaanza. Pembeni akajenga mji mzima: nyumba, shule, na bustani ya michezo kwa ajili ya wafanyakazi. Barabara mbili kuu zikaitwa Chocolate Avenue na Cocoa Avenue. Utani? Hapana, zipo hadi leo.

Jambo la ajabu ni kwamba hadi mwaka 1970 Hershey haikuwa inafanya matangazo makubwa ya nchi nzima kwa walaji. Ziara ya kiwanda ilikuwa tangazo tosha. Mtoto akishaingia ndani, akasikia ile harufu, akaona mashine zenye rola za mawe zikisukuma chokoleti mbele na nyuma, mbele na nyuma, kwa saa nyingi hadi ilainike, huyo ni mteja wako mpaka azeeke. Na ukubwani atawaleta wanawe.

Ila ndani ya picha hiyo nzuri kulikuwa na watu ambao hakuna mgeni aliyeuliza majina yao. Zile chokoleti ndogo zenye ncha, Kisses, zilizoanza mwaka 1907, zilifungwa moja moja kwa mkono hadi mwaka 1921 mashine ilipochukua kazi. Hebu fikiria vidole hivyo. Na mwezi Aprili 1937 wafanyakazi waligoma, wakakaa ndani ya kiwanda wakikataa kutoka. Siku chache baadaye kundi la wakulima waliokosa pa kuuza maziwa, pamoja na wafanyakazi waliokuwa upande wa kampuni, likaingia na kuwatoa kwa kipigo. Mji mtamu, lakini watu walivuja damu ndani yake. Hilo huwezi kulikuta kwenye kadi za posta walizokuwa wananunua wageni.

Baada ya Vita ya Pili ya Dunia biashara ikachanganya. Watu wana magari, wana likizo ya malipo, na kuanzia mwaka 1956 serikali inajenga barabara kuu za kuunganisha majimbo. Kwa familia yenye watoto wanne na hela ya mawazo, kiwanda kilikuwa mkombozi: hakuna kiingilio na mnatoka na zawadi. Battle Creek, Michigan, watu walikwenda kuona Kellogg's ikitengeneza Corn Flakes. Dearborn, kwenye jimbo hilohilo, Ford walikuwa wanapitisha wageni kwenye kiwanda chao cha Rouge tangu mwaka 1924, wanaona chuma na magari.

Kilichoua ziara nyingi ni mafanikio yake yenyewe. Hershey ilifika mahali inapokea karibu watu milioni moja kwa mwaka, kwenye vijia vilivyojengwa kwa ajili ya kazi. Mwaka 1973 ikafunga mlango na kufungua jengo jipya, Chocolate World, ambapo unapanda kigari kinachokuzungusha kwenye kiwanda cha kuigiza. Ford ilisimamisha mwaka 1980, ikarudi mwaka 2004. Kellogg's ilifunga mwaka 1986 kwa hofu ya washindani kuja kuiba siri za mashine. Watoto wa Battle Creek wakanuna, na hawakuwa na kosa lolote.

Ukiangalia vizuri, kilichotolewa kwenye zile ziara mpya siyo mashine. Mashine zimebaki, hata kama ni za maonyesho. Waliotolewa ni wafanyakazi. Zamani mtoto alimwona mama mmoja mwenye kofia nyeupe, macho yakakutana, pengine akapungiwa mkono. Sasa badala ya huyo mama wamewekwa ng'ombe wa bandia wanaoimba!

Mwaka 2012 kiwanda cha zamani cha Chocolate Avenue kilifungwa, kazi ikahamishiwa kiwanda kingine upande wa magharibi wa mji, na sehemu kubwa ya majengo yale ikabomolewa. Chocolate World haikuguswa. Vigari vinazunguka, ng'ombe wanaimba, na mwisho wa safari mtoto bado anapewa kipande cha chokoleti bure.