Harufu ya Bisi Haipakuliki

Neno "kupakua" sisi watu wa kompyuta tulilitoa jikoni. Kabla mtu yeyote hajapakua faili, mama alikuwa anapakua wali kutoka kwenye sufuria. Leo, wasomaji wangu, nataka tulirudishe jikoni kidogo, maana katika mambo yote ya sinema kuna moja ambalo mpaka sasa hakuna aliyeweza kulipakua: harufu ya bisi zinazopasuka pale mlangoni. (Bisi ndiyo hiyo hiyo popkoni, kwa wale ambao Kiswahili cha shule kimewatoka.)

Picha imenakiliwa, sauti pia. Mtu aliye Ruiru au Thika anaweza kutazama karibu filamu yoyote akiwa kitandani. Harufu imekataa. Na ukifuatilia historia yake utaona kwamba kukataa huko ndiko kumewaweka watu wengi kazini, na kwamba waliojaribu kuilazimisha walipata hasara, wengine hasara ya afya kabisa.

Kwanza, kinachonukia ni nini?

Punje ya bisi si punje ya ugali. Ni aina yake ya mahindi, yenye ganda gumu lisilopitisha hewa. Ndani kuna wanga na maji kidogo, kama asilimia 14 hivi. Ukiipasha moto, maji yanageuka mvuke na hayana pa kutokea. Joto likifika karibu nyuzi 180 za Selsiasi, shinikizo ndani ya punje huwa kama mara tisa ya lile la hewa ya kawaida. Ganda linashindwa, wanga ulioiva unafutuka, na mvuke unatoka kwa kishindo ukiwa umebeba harufu. Mahindi yetu ya kawaida ganda lake ni dhaifu, linavujisha mvuke mapema. Ndiyo maana ukiyakaanga unapata mahindi ya kukaanga, hupati bisi.

Harufu yenyewe inatokana na sukari na protini zinapokutana kwenye moto. Mfaransa mmoja, Louis Camille Maillard, alieleza jambo hilo mwaka 1912. Baadaye, mwaka 1991, mwanakemia Mjerumani Peter Schieberle akaainisha molekuli zinazoongoza harufu ya bisi. Mojawapo ya zile kuu inaitwa 2-asetili-1-pirolini. Jina gumu, lakini pua yako inaijua vizuri sana: ndiyo hiyo hiyo iliyotambuliwa miaka ya mwanzo ya 1980 kuwa harufu ya mchele wa kunukia, jamii ya basmati. Yaani sufuria ya pishori ya Mwea ikifunuliwa Thika, na mashine ya bisi ikifunguliwa barabara ya pili, pua inasoma herufi moja. Na inaisoma hata ikiwa kidogo mno, karibu sehemu moja tu katika bilioni 10 za maji.

Sasa shikilia jambo moja, kwa sababu hadithi yote inalitegemea. Molekuli hii haikai. Inaruka hewani upesi na inaharibika upesi. Bisi za jana bado ni bisi, zina chumvi na mafuta yake, lakini harufu ile imeshaondoka. Kwa lugha ya kazi yetu, huwezi kuitengeneza mapema ukaihifadhi ili uitoe mteja akifika. Lazima itengenezwe pale pale, kila mara, mteja akiwa anapita.

Bisi ziliingiaje sinema?

Aliyeielewa siri hiyo mapema ni Charles Cretors wa Chicago. Alikuwa na mashine za kukaanga njugu, akatengeneza ya bisi iliyoendeshwa kwa mvuke, na mwaka 1893 akaipeleka kwenye maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika mjini kwao. Mashine ilikuwa na magurudumu. Ilikaanga punje ndani ya mafuta mbele ya macho ya watu, na harufu ikafanya kazi ya matangazo bila kulipwa.

Utashangaa kwamba wenye majumba ya sinema hawakuitaka. Filamu zilikuwa bubu, watazamaji walisoma maandishi, na hakuna aliyependa kusikia jirani akitafuna wala kuona mazulia yakijaa makombo. Wauza bisi walisimama nje, barabarani. Mambo yalibadilika kwa sababu mbili. Filamu za sauti zilianza kushika kasi mwaka 1927, zikafunika kelele za kutafuna. Kisha miaka ya 1930 uchumi wa Marekani ukaanguka, na bisi zilikuwa miongoni mwa anasa chache ambazo mtu asiye na pesa angeweza kumudu, senti 5 au 10 mfuko. Mjini Kansas City mwanamke mmoja, Julia Braden, aliomba ruhusa ya kuweka kibanda ndani ya mlango wa ukumbi wa Linwood. Kufikia mwaka 1931 alikuwa na vibanda vinne. Wenye majumba wakaona pesa zinawapita mlangoni, wakanunua mashine zao wenyewe. Vita vya pili vya dunia vilipofanya sukari na peremende ziadimike, mashindano yakaisha. Mwaka 1945 zaidi ya nusu ya bisi zote zilizoliwa Marekani ziliwaishia watu ndani ya sinema.

Kwa hiyo harufu tunayoiita "harufu ya sinema" ilikuwa ya barabarani kwanza. Sinema iliikodi tu.

Na huku kwetu?

Nairobi ilipata Theatre Royal mwaka 1912, jumba ambalo baadaye liliitwa Cameo. Umeme wa mji huo ulikuwa ukitoka wapi? Maji ya mto Ruiru ndiyo yaliyozungusha mitambo yake ya kwanza ya umeme, na katikati ya miaka ya 1920 mto Thika nao ukaongezewa mtambo pale Ndula. Watu wa Ruiru na Thika wanapoambiwa kwamba sinema ni mambo ya Nairobi, wana haki ya kuuliza bili ya stima ilitumwa kwa nani.

Katika majumba hayo makubwa ndimo desturi ya kununua kitu mlangoni ilimozoeleka. Kando ya Thika Road yenyewe kulikuwa na Fox Drive-In, ambako watu walitazama wakiwa ndani ya magari yao. Asiye na gari wala nauli alisubiri sinema imfuate. Serikali ya kikoloni ilituma magari yenye projekta na jenereta vijijini, yakionyesha filamu za kufundisha kilimo na usafi. Baada ya uhuru yakaja magari ya matangazo ya biashara, wengi wakiyaita "sinema leo". Kitambaa cheupe kilitandazwa uwanjani, sabuni na mafuta ya kupikia vikasifiwa, halafu vichekesho vikafuata, bure. Hapakuwa na ukumbi wala mlango. Aliyekuwa na kitu cha kuuza alikileta mwenyewe na kuuza kwenye giza.

Halafu ikaja nakala. Kanda za VHS zilitoka Japani mwaka 1976. Zikafuatwa na VCD, ambazo filamu moja ililazimika kugawanywa sahani mbili kwa sababu kila sahani ilibeba dakika 74 tu. Kisha DVD. Mitaani kote palizuka vibanda vya video: mabati, mabenchi, televisheni moja na spika mbili. Humo ndimo DJ Afro alipopata jina, akitafsiri filamu za kupigana kwa Kiswahili na Sheng mpaka mtazamaji akasahau mwigizaji alisema nini hasa. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari zikafika Mombasa, na Januari 2016 Netflix ikafunguliwa Kenya. Kila hatua ilipunguza sababu ya kwenda ukumbini. Majumba mengi ya zamani yaligeuzwa makanisa, maduka na ofisi. Yale mapya yalihamia ndani ya maduka makubwa, kama Century Cinemax ya Garden City, kwenye Thika Road hiyo hiyo.

Picha ilinakilika, ndiyo sababu jumba lilipoteza thamani. Swali ambalo mhandisi yeyote angejiuliza ni hili: basi mbona tusinakili na harufu?

Waliojaribu

Walijaribu kwa njia tatu. Ya kwanza ilikuwa ndani ya ukumbi. Desemba 1959 filamu moja ilionyeshwa New York kwa mtindo ulioitwa AromaRama, harufu zikipitia kwenye mitambo ya hewa. Mwezi uliofuata Smell-O-Vision ya Hans Laube ikaanza Chicago, ikiwa na mabomba yaliyoleta harufu hadi kwenye kiti. Harufu ilichelewa kufika, na ikifika haikuondoka. Tukio la kwanza lilinukia ndani ya tukio la tatu. Kwenye kioo unaweza kufuta picha na kuweka nyingine mara 24 kwa sekunde, lakini hewa haina kitufe cha kufuta. Smell-O-Vision iliishia kwenye filamu hiyo moja.

Ya pili ilikuwa kwenye kompyuta. Mwaka 1999 kampuni ya DigiScents ya California ilitangaza iSmell, kifaa cha kuchomeka kwenye kompyuta kilichobeba harufu 128 za msingi za kuchanganywa. Mwaka 2001 kampuni ilifungwa. Shida haikuwa programu. Skrini inaweza kutengeneza rangi zote kwa tatu tu, nyekundu, kijani na buluu, kwa sababu jicho lina aina tatu za vipokezi vya rangi. Pua ina karibu aina 400. Linda Buck na Richard Axel walionyesha familia hiyo ya vipokezi mwaka 1991 (mwaka ule ule wa Schieberle na bisi zake, na wa Linux pia, kama mnapenda kuhesabu), wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Hakuna harufu tatu za kuchanganya ukapata nyingine zote.

Njia ya tatu ndiyo iliyofaulu kibiashara, na ndiyo iliyoumiza watu. Bisi za mikrowevu zilitiwa kemikali iitwayo diasetili ili pakiti ikifunguliwa inukie siagi kama ukumbini. Mwaka 2000, idara ya afya ya jimbo la Missouri ilipata taarifa ya watu 8 waliowahi kufanya kazi katika kiwanda kimoja cha bisi hizo, wote wakiugua ugonjwa adimu wa mapafu ambao huziba njia ndogo za hewa na hauponi. Uchunguzi ukaelekea kwenye mvuke wa vionjo vya siagi waliokuwa wakiuvuta kila siku kazini. Diasetili kidogo imo hata ndani ya siagi halisi. Kilichowaumiza ni wingi wake walipoichanganya kwa mapipa. Mwaka 2007 watengenezaji wakubwa wa Marekani wakatangaza kuiondoa. Mlaji nyumbani alipata harufu ya sinema bila kwenda sinema, na mtu asiyemjua akailipia kwa pumzi yake.

Mashine ilirudi barabarani

Jambo linalonifurahisha ni hili. Majumba yalipofungwa, mashine ya bisi haikufa nayo. Ilirudi barabarani, alikoianzia Cretors. Pita steji za matatu Thika au Ruiru jioni, au kwenye mlango wa supamaketi, utaikuta: kisanduku cha vioo, sufuria ndogo inayoning'inia, taa ya njano, moto wa gesi au wa umeme. Hapo hapaonyeshwi filamu yoyote. Harufu imeachana na sinema na bado inauza.

Muuzaji yule ana punje, mafuta, chumvi na moto. Kila kimoja kinapatikana kwa mshindani wake. Supamaketi iliyo nyuma yake inauza bisi zilizofungwa vizuri zaidi na zinazokaa miezi. Anachowashinda ni kitu kimoja, kwamba bisi zake zimepasuka sasa hivi na upepo umeshatangaza. Barabara kuu ya Thika ilipozinduliwa Novemba 2012 ikiwa na njia nane, safari iliongezeka mwendo, lakini steji hazikuondoka, na abiria anayengoja gari lijae bado ana pua.

Ndiyo maana nasikitika ninapoona wafanyabiashara wa namna hii wakichukuliwa kama uchafu wa kuondolewa ili mji upendeze. Katika biashara yetu ya programu, chochote ulichotengeneza leo kinaweza kunakiliwa kesho na mtu usiyemjua. Tunatafuta usiku na mchana bidhaa isiyonakilika, tunaandika vipengele vipya, tunafunga kwa manenosiri. Yule wa bisi anayo tayari. Kinachohitajika ni aruhusiwe kusimama mahali upepo unapopita.

Basi ukifika steji jioni na harufu ikakupata, nunua ya moto. Usingoje ufike nayo nyumbani.

Mpaka wakati mwingine, tuko pamoja.